Mohamed Amin: Mpiga Picha Aliyeiamsha Dunia

Mtahiniwa, wasifu ni masimulizi ya maisha ya mtu yanayotolewa na mtu mwingine. Husimuliwa kwa nafsi ya tatu na kwa wakati uliopita, na mara nyingi hufuata mpangilio wa miaka. Wasifu mzuri hauishii kuorodhesha tarehe. Humwonyesha msomaji mhusika alifanya nini, alikifanya kwa nini, na matendo yake yaliwagusa vipi watu wengine. Soma wasifu ufuatao ukizingatia hayo, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni.

Kuzaliwa na malezi

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab, eneo ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Baba yake alifanya kazi katika shirika la reli, kama walivyofanya Wahindi wengi waliokuja Afrika Mashariki enzi hizo. Amin alipokuwa bado mtoto, kazi ya baba iliipeleka familia Tanganyika, na hapo ndipo alipokulia, katika mji wa Dar es Salaam.

Huo ulikuwa wakati wa ukoloni. Shule, hospitali na hata mitaa ya kuishi ilitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Amin alisomea shule ya upili ya Wahindi. Hakuwa mtoto wa tajiri.

Nyota njema huonekana asubuhi. Akiwa bado mvulana, Amin alijinunulia kamera kuukuu ya aina ya Box Brownie. Ilikuwa kamera duni, ya sanduku, lakini kwake ilikuwa mali isiyo kifani. Alijifunza kusafisha filamu na kuchapa picha gizani, akawa akizunguka mjini kutafuta matukio ya kupiga. Kabla hajamaliza shule alikuwa tayari anawauzia wenye magazeti picha zake. Wenzake walipokuwa wakifikiria kuajiriwa, yeye alikuwa ameshajua atakachokifanya maishani.

Camerapix na Zanzibar

Mwaka 1963, akiwa na umri wa takriban miaka 20, Amin alianzisha kampuni yake mwenyewe mjini Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Haikuwa na mtaji mkubwa. Rasilimali yake kuu ilikuwa bidii ya mwenyewe na wepesi wake wa kufika mahali tukio linapotokea.

Haukupita muda mrefu kabla ya wepesi huo kujaribiwa. Tarehe 12 Januari 1964 yalizuka Mapinduzi ya Zanzibar yaliyouangusha utawala wa Sultani. Amin alivuka bahari akaenda kupiga picha za yaliyokuwa yakitokea, na kazi hiyo ikamtambulisha kwa vyombo vya habari vya ng'ambo. Alikuwa sasa anapiga picha za mnato na za filamu pia, jambo ambalo wapiga picha wachache wa eneo hili waliliweza wakati huo.

Lakini kazi ya kuonyesha mambo ina maadui wake. Mwaka 1966 Amin alikamatwa Zanzibar na kutiwa katika gereza la Kilimamigu. Alikaa humo karibu mwezi mmoja bila kufikishwa mahakamani, akidhoofika siku baada ya siku. Alipoachiliwa alilazimika kuondoka nchini, akarejea Nairobi alikozaliwa. Alikuwa amepoteza makao na biashara aliyoijenga kwa miaka mitatu. Wengi wangebadilisha kazi. Yeye aliianzisha Camerapix upya, safari hii Nairobi, na humo ndimo ilimokuwa hadi mwisho wa maisha yake.

Kifo cha Tom Mboya

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi wa Kenya, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo leo huitwa Moi Avenue. Amin alifika hapo baada ya muda mfupi sana. Alipiga picha za jitihada za kuyaokoa maisha ya Mboya, akaingia naye katika ambulensi, na kuendelea kupiga picha njiani kuelekea hospitalini.

Picha hizo zilionekana katika nchi nyingi. Zilimletea tuzo ya Mpiga Picha Bora wa Televisheni wa mwaka huo nchini Uingereza. Zilileta pia swali ambalo lilimfuata maisha yake yote: je, ni haki kumpiga picha mtu anayekufa? Amin aliamini kwamba tukio lisiporekodiwa ni rahisi kukanwa au kusahauliwa. Wakenya waliozaliwa baada ya 1969 wanaweza kuiona siku hiyo leo kwa sababu alikuwepo mtu aliyekataa kuishusha kamera yake.

Sauti yake ya kisanaa

Kila msanii ana sauti yake, yaani namna yake ya pekee ya kusema jambo. Mwandishi husema kwa maneno. Amin alisema kwa picha. Sauti hiyo ilikuwa na sifa nne zinazoonekana katika kazi yake yote.

Kwanza, ukaribu. Hakupenda kusimama mbali. Alijongea hadi uso wa mtu ukaonekana wazi, kwa kuwa msomaji au mtazamaji huhurumia uso, si umati.

Pili, utulivu. Mahali penye vurugu, wapiga picha wengi huyumbisha kamera huku na kule. Amin aliiacha itulie juu ya kitu kimoja kwa muda wa kutosha ili mtazamaji apate kukiona na kukielewa.

Tatu, maandalizi. Alijuana na maofisa wa forodha, marubani, walinzi na mawaziri katika miji mingi ya Afrika. Kabla ya safari alijua ndege gani ingempeleka na ipi ingebeba filamu yake hadi London, ambako shirika la habari za televisheni la Visnews lilisubiri kuisambaza. Macho yake yalikuwa makali, lakini bila mipango hii picha zake zingechelewa na kukosa thamani.

Nne, upana. Ni kosa kudhani kwamba Amin alipiga picha za vita na njaa tu. Mwaka 1978 kitabu chake cha picha kuhusu Hija ya Makka kilichapishwa. Alisafiri kulizunguka Ziwa Turkana, na mwaka 1981 akatoa kitabu juu ya ziwa hilo na jamii zinazoishi kando yake. Akishirikiana na mpiga picha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley, alitoa pia kitabu kikubwa cha picha kuhusu Kenya. Katika vitabu hivi Afrika inaonekana ikiwa na milima, wanyama, misikiti, masoko na watu wenye nyuso za furaha. Mtu aliyeijua Afrika hii nzima ndiye aliyeweza kuelewa ukubwa wa kile alichokikuta Ethiopia.

Korem, Oktoba 1984

Kufikia mwaka 1984 mvua zilikuwa zimekosekana mara kadhaa katika nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, hasa Tigray na Wollo. Hata hivyo, ukame haukuwa sababu pekee ya njaa. Serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na vita hivyo viliharibu mashamba, masoko na njia za kusafirishia chakula. Mwezi Septemba mwaka huo huo serikali iliadhimisha miaka kumi ya mapinduzi yake kwa sherehe za gharama kubwa mjini Addis Ababa, na haikutaka wageni waende kaskazini. Mashirika ya misaada yalikuwa yametoa tahadhari mapema, lakini tahadhari hizo zilibaki kuwa takwimu katika karatasi.

Amin alitumia kufahamiana kwake na maofisa wa Addis Ababa kutafuta kibali cha kwenda huko. Kilipopatikana, aliondoka na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Walifika Mekele, mji mkuu wa Tigray, kisha Korem.

Korem ni mji wa nyanda za juu ambako baridi ya usiku ni kali. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamefika hapo kwa miguu wakitafuta chakula. Wengi wao walilala nje, wakiwa wamejifunika vitambaa vilivyochakaa. Alfajiri, ukungu ulipokuwa ukiondoka, Amin aliipitisha kamera polepole juu ya uwanda huo. Mtazamaji aliona umati usio na mwisho ukiamka, na baadhi ya watu wasiamke. Alisikia vikohozi na vilio. Kisha kamera ikasogea karibu: mtoto asiyeweza tena kusaidiwa, mama na kichanga chake waliofungwa pamoja katika sanda moja, na wazee waliongojea zamu ambayo haikufika.

Hakuna alichokipamba. Hakutumia muziki. Aliiacha hali yenyewe iseme.

Dunia yaamka

Taarifa hiyo ilirushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Ilichukua dakika chache tu, lakini vituo 425 vya televisheni duniani viliionyesha, na inakadiriwa kwamba watu milioni 470 waliiona. Simu zilianza kumiminika katika ofisi za mashirika ya misaada. Wastaafu, wanafunzi na wafanyakazi wa kawaida walituma walichokuwa nacho. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Serikali nazo zilishindwa kunyamaza. Ndege za kijeshi za Uingereza na za nchi nyingine zilianza kusafirisha nafaka hadi Ethiopia. Mwanamuziki wa Ireland, Bob Geldof, aliyeiona taarifa hiyo nyumbani kwake, aliwakusanya wasanii wenzake na kurekodi wimbo wa kuchangisha fedha kabla ya Krismasi ya mwaka huo. Mapema mwaka 1985 wasanii wa Marekani, wakiwemo Michael Jackson, Lionel Richie na Harry Belafonte, walifanya vivyo hivyo. Tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia, likitazamwa katika nchi nyingi kwa wakati mmoja.

Amin mwenyewe hakurudi nyumbani na kuketi. Alirejea tena na tena Ethiopia, akatengeneza filamu ya hali halisi iitwayo African Calvary, na kuitumia nafasi aliyoipata kuwahimiza viongozi na wafadhili wasisahau. Mpiga picha aliyezoea kukaa nyuma ya kamera alikuwa sasa mtetezi.

Mjadala kuhusu kazi yake

Mtahiniwa hodari hutazama pande mbili za jambo. Wapo waliosifu picha za Korem na wapo waliozikosoa.

Wanaosifu husema kwamba ziliokoa maisha ya watu wengi. Bila hizo, chakula kingechelewa zaidi, na serikali zilizokuwa zikivutana kisiasa na Ethiopia zingeendelea kungoja. Hata baada ya misaada, inakadiriwa kwamba waliokufa katika njaa ile walikuwa mamia ya maelfu, na wengine hufikisha idadi hiyo milioni moja. Ni vigumu kufikiria ingekuwa kiasi gani kama dunia isingeona.

Wanaokosoa wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba picha huonyesha njaa lakini hazionyeshi kwa urahisi chanzo chake. Watazamaji wengi walibaki na fikra kwamba ukame peke yake ulisababisha maafa, na hawakuisikia vya kutosha habari ya vita. Ya pili ni kwamba serikali ya Mengistu iliendelea kuitumia hali hiyo kwa manufaa yake. Iliwahamisha mamia ya maelfu ya watu kutoka kaskazini hadi kusini magharibi, wengi wao kwa nguvu, na baadhi yao wakafa. Ya tatu ni kwamba kwa miaka mingi baadaye watu wa nchi za mbali waliiona Afrika nzima kama bara la watoto wenye njaa.

Hoja hizi ni nzito. Hata hivyo, lawama haiwezi kuwekwa yote juu ya aliyeshika kamera. Picha ilitimiza kazi yake ya kuwaamsha watu. Kazi ya kuuliza kwa nini, na ya kuzuia jambo hilo lisirudi, ilikuwa ya waandishi, wanasiasa na raia walioamshwa. Na kuhusu sura ya Afrika, Amin mwenyewe alijibu kwa vitendo: aliendelea kutoa vitabu na vipindi vilivyoonyesha upande mwingine wa bara hili, na kusisitiza kwamba habari za Afrika zisimuliwe na Waafrika.

Mkono uliopotea

Mwezi Mei 1991 Mengistu alikimbia nchi na majeshi ya waasi yakaingia Addis Ababa. Amin alikuwa huko tena. Tarehe 4 Juni 1991 ghala la silaha lililipuka mjini humo. Amin na wenzake walikwenda kupiga picha, na mlipuko mwingine ukawakuta hapo. Fundi wa sauti aliyefanya naye kazi, Mkenya John Mathai, aliuawa. Amin alinusurika, lakini mkono wake wa kushoto ukakatwa.

Kwa mpiga picha, kupoteza mkono ni kama mwimbaji kupoteza koo. Wengi waliamini kwamba safari yake imekwisha. Amin alitengenezewa mkono wa bandia unaotumia umeme, akajifunza upya kuishika na kuiendesha kamera, na katika muda wa miezi michache akarudi kazini. Penye nia pana njia.

Kifo

Tarehe 23 Novemba 1996, Amin na rafiki yake Brian Tetley walipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Watu watatu waliiteka ndege hiyo angani na kumwamuru rubani awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayakutosha kwa safari hiyo, lakini hawakusadiki. Mafuta yalipokwisha, ndege ilianguka katika bahari karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwa ndani, 125 walikufa. Amin na Tetley walikuwa miongoni mwao. Walionusurika walisimulia kwamba dakika za mwisho Amin alikuwa amesimama, akijadiliana na watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Urithi wake

Kampuni ya Camerapix haikufa naye. Mwanawe, Salim Amin, aliiendeleza na kuihifadhi hazina ya picha ambazo baba yake alizikusanya kwa zaidi ya miaka 30. Taasisi yenye jina la Mohamed Amin iliundwa ili kuwafunza vijana wa Kiafrika kazi ya utangazaji wa televisheni. Mwaka 2006 ilitoka filamu ya hali halisi juu ya maisha yake, ikiitwa Mo & Me.

Maisha ya Mohamed Amin yanafunza kwamba kutetea haki hakuhitaji cheo. Alikuwa mwana wa mfanyakazi wa reli aliyeanza na kamera kuukuu. Alifungwa, akafukuzwa na kupoteza mkono, lakini hakuacha kwenda mahali ambapo watu walikuwa wakiteseka bila kuonekana. Baada ya Oktoba 1984 hakuna kiongozi aliyeweza kudai kwamba hakujua hali ya Korem.

Maswali ya marudio

1. Eleza mambo mawili yanayoonyesha kwamba kipaji cha Mohamed Amin kilijitokeza mapema. (alama 2)
2. Amin alipata pigo gani mwaka 1966, na alilikabili vipi? (alama 3)
3. Fafanua sifa nne za sauti ya kisanaa ya Amin kulingana na kifungu. (alama 4)
4. Ukame haukuwa sababu pekee ya njaa ya Ethiopia. Thibitisha kauli hii. (alama 3)
5. Linganisha hoja za waliosifu na za waliokosoa picha za Korem, kisha utoe msimamo wako. (alama 6)
6. Eleza maana ya maneno haya jinsi yalivyotumika katika kifungu: (alama 4)
   (a) kuukuu
   (b) kichanga
   (c) sanda
   (d) alinusurika
7. Andika wasifu wa mtu mashuhuri aliyefariki ambaye alitetea haki za wanyonge katika jamii yako. Zingatia nafsi ya tatu na mpangilio wa miaka. (alama 20)

Zingatia: Katika swali la 5, mtahiniwa anayeorodhesha hoja za upande mmoja tu hupoteza alama. Taja pande zote mbili kwanza, ndipo utoe msimamo wako na sababu yake.